Magnesiamu ipi inakufaa: anza na tumbo lako, figo zako na dawa unazomeza, bei iwe mwisho

Mamdogo wangu alikuwa anabanwa na misuli ya mguu usiku mpaka anaamka analia, jirani akamwambia huo ni upungufu wa magnesiamu, aina ya madini ambayo mwili unahitaji, nenda famasi kachukue. Akaenda, akauziwa kopo kubwa la bei poa limeandikwa 500 mg kwa mbele, akawa anameza viwili viwili asubuhi kabla ya chai ili vifanye kazi haraka. Siku ya tatu yuko kwenye basi anaenda Tanga tumbo likaanza kumwendesha, dereva ilibidi asimame mara mbili kabla hata ya kufika Chalinze. Aliporudi akanipa lile kopo nimsomee, nikaligeuza nyuma kwenye yale maandishi madogo kama sisimizi, imeandikwa magnesium oxide. Hapo nikaelewa kila kitu.

Iko hivi. Magnesiamu haiuzwi peke yake, lazima iwe imeshikanishwa na kitu kingine, na hicho kitu kingine ndo kinaamua itaingia mwilini kiasi gani na tumbo litaipokeaje. Kwahiyo swali la kuuliza pale kaunta sio "mna magnesiamu?" maana watakupa yoyote iliyopo, uliza "mna magnesiamu gani?" alafu omba ulishike kopo mwenyewe ulisome nyuma.

Na ile namba kubwa ya mbele isikuchanganye. Kopo likisema magnesium glycinate 1000 mg, hiyo ni uzito wa mchanganyiko wote, magnesiamu yenyewe humo ni kama asilimia 14 tu, yaani miligramu 140 hivi. Kopo jingine linaandika "magnesium 200 mg (as citrate)", hili ndo limekuambia ukweli moja kwa moja, 200 ni magnesiamu tupu. Wengine wanaandika neno elemental, ni hiyo hiyo. Alafu angalia serving size, yaani kipimo cha kumeza kwa mara moja, mara nyingi ile namba ya mbele ni ya kapsuli mbili au tatu, kwahiyo kopo la vidonge 60 unalodhani la miezi miwili linaisha siku 20. Ukilinganisha bei gawanya kwa miligramu za magnesiamu tupu, usigawanye kwa idadi ya vidonge.

Mtu mzima anahitaji kama miligramu 400 hadi 420 kwa siku akiwa mwanaume na 310 hadi 320 akiwa mwanamke, lakini hiyo ni pamoja na chakula. Ya vidonge peke yake Wamarekani wameweka ukomo wa 350 kwa siku, Ulaya wao wamesema 250. Mi kwa mtu anayeanza namwambia 100 mpaka 200 zinatosha kabisa, ameze na chakula, aone mwili unasemaje wiki mbili hivi.

Sasa kwa upangaji wangu. Namba moja kwa watu wengi ni glisineti, kwenye lebo utaona glycinate au bisglycinate. Imeshikanishwa na glisini ambayo ni amino asidi, inafyonzwa vizuri na hailegezi tumbo sana, kwahiyo kama wewe ni mtu ambaye maziwa kidogo tu tumbo linavurugika, anza hapa. Ubaya wake ni bei na vidonge vyake vikubwa, wazee wanakabwa navyo. Na kuna mchezo nataka uujue: ukikuta kapsuli moja inadai ina miligramu 400 za magnesiamu tupu ya glisineti, haiwezekani, ingehitaji karibu gramu 3 za unga na kapsuli haibebi hiyo. Mara nyingi hapo wamechanganya na oksidi, ile magnesium oxide ya kopo la mamdogo, ili namba ipande. Tafuta neno buffered kwenye lebo, likiwepo ujue kuna oksidi ndani.

Namba mbili ni sitreti (citrate), na kwa mtu anayepata choo kigumu hii ndo inakuwa namba moja. Inafyonzwa vizuri, bei ya kati, ila inavuta maji kwenye utumbo na kulainisha choo. Kwa mwenye shida ya choo ni faida mbili kwa pesa moja, kwa mwenye tumbo jepesi ni mateso. Ipo ya unga, ipo ya vidonge, na zile tyubu za vidonge vya kuyeyusha kwenye maji vinavyotoa povu zipo karibu kila supamaketi. Hizo za povu soma lebo vizuri kwasababu nyingi zina sodiamu, na kama una presha umeambiwa upunguze chumvi utakuwa unaiingiza kwa mlango wa nyuma kila asubuhi.

Tatu naweka maleti (malate) na kloridi (chloride) pamoja, zote zinafyonzwa vizuri, ukizikuta kwa bei nzuri chukua tu. Nne ni oksidi, ile ya mamdogo. Ina magnesiamu nyingi kwa uzito, kama asilimia 60, ndo maana kidonge kidogo kinabeba namba kubwa na ni rahisi kutengeneza, lakini inayoingia kwenye damu ni sehemu ndogo sana, iliyobaki inashuka utumboni na kuvuta maji. Sisemi ni takataka, kama shida ni choo au kiungulia inasaidia, ila kwa mtu anayetaka kujaza upungufu sio ya kuanza nayo. Ya mwisho ni threoneti (threonate), inauzwa ghali mno kwa ahadi ya kumbukumbu na ubongo, na magnesiamu tupu ndani yake ni kama asilimia 8. Utafiti wake kwa binadamu bado mdogo, kwa pesa hiyo mi nisingenunua. Na chumvi ya Epsom ya kulowekea miguu, loweka, maji ya moto yanatuliza misuli kweli, ila usiihesabu kama umekula magnesiamu.

Kitu kingine, ukiona magnesium stearate kwenye orodha ya viambato usidhani ndo saplimenti, ile ni ya kufanya unga usigande kwenye mashine kiwandani, ipo hadi kwenye vidonge vya vitamini C. Na kwa ndugu zangu Waislamu, kapsuli nyingi zina jelatini na wengi hawaandiki ni ya mnyama gani, tafuta iliyoandikwa halal au veggie capsule, au chukua ya unga.

Hapa sasa naomba usome polepole. Kama una ugonjwa wa figo usinunue magnesiamu yoyote bila daktari wako, hata hizo dawa za maji za kiungulia zenye magnesiamu. Figo ndo zinatoa ya ziada, zikishindwa inajaa kwenye damu, presha inashuka, misuli inalegea, mapigo ya moyo yanaenda taratibu, na inaweza kuua. Kama unatumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegravir, ile TLD ya kidonge kimoja kwa siku, magnesiamu inaishika tumboni na kuizuia isifyonzwe, kwahiyo meza TLD masaa mawili kabla ya magnesiamu au masaa sita baada yake, na mwambie mhudumu wa kliniki yako kwamba unatumia saplimenti hata kama hajauliza. Antibayotiki ya sipro (ciprofloxacin) nayo ni hivo hivo, mbili kabla au sita baada, doksi (doxycycline) iachanishe masaa mawili matatu, na dawa ya tezi ya levothyroxine iachie masaa manne.

Mjamzito pia asijinunulie tu. Kuna watu wamesikia magnesiamu inatibu kifafa cha mimba, ni kweli, lakini ile ni magnesiamu salfeti ya sindano inatolewa hospitali huku mama anaangaliwa, kidonge cha famasi hakifanyi kazi hiyo. Ukiwa na mimba ukaumwa kichwa sana au ukaanza kuona maluweluwe kimbia hospitali.

Upo upande wa pili, watu ambao kweli wanapoteza magnesiamu na hawajui. Aliyemeza omeprazo, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, miaka mfululizo, mwenye sukari isiyotulia, anayekunywa pombe sana, anayeharisha muda mrefu, na anayetumia dawa za presha za kukojoza kama furosemaidi na hydrochlorothiazide. Mamdogo alikuwa humo kwenye za kukojoza. Tulimpeleka kwa daktari akapima damu akakuta potasiamu imeshuka, akabadilisha dawa, na usiku sasa analala. Kwa watu wazima wanaobanwa misuli bila sababu nyingine utafiti umeonyesha magnesiamu haisaidii sana, kwahiyo ukimeza mwezi mzima hakuna badiliko, acha, kapime. Ila jua kwamba chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndo iko kwenye damu, nyingi ipo kwenye mifupa na nyama, kipimo kikisoma sawa bado daktari ataangalia na mengine.

Kama hauko kwenye hayo makundi jaribu kwanza sokoni. Kiganja cha mbegu za maboga, gramu 28 hivi, kina kama miligramu 150, korosho kiasi hicho hicho zina 70 na kitu, na kuna maharage, ufuta, mchicha, dona badala ya sembe kwasababu kwenye sembe pumba na kiini vyote vimeondolewa.

Ukishanunua, usiliweke kopo jikoni au bafuni. Huku pwani joto na unyevu ukiacha kifuniko wazi usiku mmoja ya unga inashikana mabonge, kloridi ndo kabisa inavuta maji mpaka inalowa. Kile kipakiti kidogo cha kukausha kilichomo ndani usikitupe, funga vizuri, weka kabatini mbali na watoto.