Uzoefu wangu: huduma ya kupima kebo ya kilovolti 33 kiwandani Nala, Dodoma

Mwezi Machi tulimaliza kuzika kebo tatu za kilovolti 33, moja kwa kila fezi, kutoka nguzo ya mwisho ya TANESCO hadi transfoma ya kiwanda chetu cha kukamua alizeti. Mkandarasi aliyezizika alitaka tuwashe siku hiyo hiyo, kwa kuwa kipima insulesheni cha volti 5,000 kilionyesha namba nzuri. Nilikataa. Nilikataa pia pendekezo lake la kupima kwa umeme wa DC (mkondo wa upande mmoja) wa volti ya juu, kwa sababu umeme huo unaweza kuacha chaji zilizonasa ndani ya XLPE, yaani plastiki inayozingira waya wa ndani na kuzuia umeme usivuje, na kuidhoofisha.

Kampuni niliyoiita baadaye ilianza na ganda la nje, nami naishukuru kwa hilo kuliko kwa jambo lingine lolote. Fezi nyekundu na bluu zilistahimili kilovolti 10 kwa dakika moja; ya njano ikaanguka papo hapo. Mafundi walituma mapigo ya umeme kwenye ngao ya shaba iliyo chini ya ganda, wakatembea juu ya mtaro na vijiti viwili vya kupimia ardhi, na mshale wa mita ulipogeuka upande tukachimba: jiwe lenye ncha lilikuwa limelitoboa ganda, mahali ambapo mchanga laini haukuwekwa kabisa. Mvua za Desemba zingeingia hapo na kuila ngao taratibu, bila dalili yoyote juu ya ardhi.

Baada ya ukarabati, ganda lilipimwa tena, ndipo ikaja mashine ya hezi 0.1, inayopima plastiki ya ndani kwa umeme unaogeuka polepole sana. Kwa hezi hizo, mkondo unaonyonywa na kebo ni mdogo mara 500 kuliko kwa hezi 50 za kawaida, hivyo mashine inayoenea nyuma ya pikapu inatosha. Kila fezi ilipandishwa hadi kilovolti 57, yaani mara tatu ya volti kati ya fezi na ardhi, ikashikiliwa dakika 15 kama kiwango cha kimataifa cha kebo, IEC 60502-2, kinavyoruhusu. Zote zilifaulu.

Nina lawama mbili. Hakuna aliyewekwa kulinda upande wa pili wa kebo mpaka nilipodai, jambo la hatari kubwa, na ripoti ya kwanza haikuwa na mkondo uliovuja kwa kila fezi. Niliirudisha, ilipokuja imekamilika, tukawasha.