Kifaa gani ununue cha kumpimia mtoto dawa ya maji

Mtoto wa kilo 10 akishikwa na homa, dozi yake ya parasetamoli ni miligramu 100 hadi 150 kwa mara moja. Parasetamoli ya maji inayouzwa sana kwetu huwa na miligramu 120 katika kila mililita 5. Kwa hiyo anahitaji kati ya mililita 4 na 6 hivi. Sasa fungua droo ya jikoni uangalie vijiko vya chai ulivyonavyo. Mwaka 2010 watafiti wa Ugiriki walikusanya vijiko vya chai majumbani mwa watu wakavipima: kidogo kabisa kilibeba mililita 2.5, kikubwa kabisa 7.3. Cha kwanza kingempa mtoto wetu miligramu 60, na homa isingeshuka. Cha pili kingempa kama 175, na parasetamoli ikizidi siku baada ya siku huumiza ini. Wazazi wote wawili wangesema wametoa "kijiko kimoja".

Ndiyo maana kijiko cha jikoni hakimo kabisa katika orodha hii. Vifaa vilivyobaki nimevipanga kuanzia kile ambacho ningetaka kila nyumba yenye mtoto mdogo iwe nacho.

1. Sirinji ya kunyweshea dawa

Hakuna kinachoikaribia. Ikikosekana ile maalumu ya mdomoni, nunua bomba la sindano la kawaida, uache sindano dukani. Bei yake ni ndogo, na duka lolote la dawa linalo.

Chagua saizi ndogo kabisa inayoweza kubeba dozi nzima kwa mara moja. Dozi ya mililita 4 ipimie kwa sirinji ya 5, usiipimie kwa ya 20, kwa sababu kwenye sirinji kubwa mistari hubanana na kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa la dawa. Kwa kichanga anayepewa chini ya mililita 2, chukua ya 1 au ya 2.

Kabla ya kulipa, sugua alama kwa kidole gumba. Zikififia, irudishe. Vuta kisukumio mpaka mwisho: kiteleze sawasawa, kisikwame. Kisha hakikisha kipimo kimeandikwa kwa mililita. Sirinji za insulini zinafanana sana na za mililita 1, lakini hesabu yake ni ya yuniti, na yuniti 100 ndiyo mililita 1. Mtu anayeona "50" pale akadhani ni kipimo cha dawa ya kikohozi atapotea vibaya. Usiinunue kwa kazi hii hata kama muuzaji anakwambia ni ileile.

Usomaji wake nao una namna yake. Ule mpira wa ndani mara nyingi una ncha iliyochongoka katikati; usiisome ncha. Soma ukingo wa mbele wa mpira pale unapogusa ukuta wa bomba. Ukiona povu la hewa, geuza mdomo wa sirinji juu, gonga kidogo kwa ukucha, sukuma hewa itoke, kisha pima upya. Mtoto akae wima, dawa iingie taratibu upande wa ndani wa shavu, si moja kwa moja kooni. Na ukishaifungua sirinji, kile kifuniko kidogo cha mdomoni mwake kitupe mbali: kimewahi kuruka na kukaba watoto.

2. Dropa iliyokuja na chupa yake

Huu ni ule mrija mdogo wa kudondoshea matone. Ni nzuri, kwa sharti moja: isihame chupa. Kuna parasetamoli ya matone yenye miligramu 100 katika mililita 1 tu, karibu sawa na mililita 5 nzima za ile ya kawaida. Chupa ikiisha, dropa nayo iende.

3. Kikombe cha dawa

Kile cha plastiki kinachofunika chupa. Kwa mtoto mkubwa anayekunywa mililita 10 au 15 kinafaa, kikiwekwa mezani na jicho likashuka usawa wa mstari. Kwa dozi ya mililita 2.5 sikipendekezi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha wazazi wakikosea mara nyingi zaidi kwa kikombe kuliko kwa sirinji, hasa dozi zikiwa ndogo.

4. Seti ya vijiko vya kupimia

Hivi ni vya wapishi wa keki: vya mililita 1.25, 2.5, 5 na 15. Nimeviweka mwisho kwa dawa, maana dawa hubaki imeganda kijikoni na mkono ukitikisika inamwagika. Lakini kwa mtoto anayeharisha vina kazi kubwa. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, kutoka kituo cha afya, pamoja na vidonge vya zinki, ndiyo chaguo la kwanza. Ikikosekana usiku, lita 1 ya maji safi huchanganywa na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimekatwa usawa kwa mgongo wa kisu. Hiyo nusu ya chumvi ndiyo ya kuogopa: ikirundikana, sodiamu huzidi mwilini na mtoto anaweza kupata degedege. Kijiko cha 2.5 kinaondoa kubahatisha.

Nunua vya chuma cha pua, vyenye namba iliyochongwa na si ya rangi. Ukifika nyumbani, vuta maji mililita 5 kwa sirinji uyamimine kwenye kijiko cha 5. Yajae mpaka ukingoni bila kumwagika.

Ukiwa dukani, mwombe mfamasia akuandikie dozi kwa mililita na achore mstari kwa kalamu kwenye sirinji yenyewe, hata bibi au dada wa kazi akibaki na mtoto asihitaji kuuliza. Kila baada ya kutumia, ichomoe vipande viwili, uioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uiache ikauke ikiwa wazi. Mpira ukianza kukwama au mistari kufifia, nunua nyingine.