Uzoefu wangu na D&D ya 2024: kufuli limehamia mlango wa pili

D&D ni mchezo wa mezani ambao kila mtu anaigiza mhusika wake, na dadu zinaamua matokeo. Tuanze na maneno. Nikiandika elfi (kiumbe wa kubuni) usisome elfu, hatuhesabu. Na dwafu, kiumbe mwingine wa kubuni, mfupi, nimemwacha aitwe dwafu kwa makusudi, maana mbilikimo ni jina ambalo watu wamebandikwa, na watu hao wapo. Fani ni kazi ya mhusika (mpiganaji, mchawi, kasisi), usuli ni maisha aliyoishi kabla mchezo haujaanza.

Ninachokipima hapa ni kitabu cha wachezaji cha Dungeons & Dragons, toleo la 2024, na hasa sura ya kuunda mhusika. Kwa jumla nakipa nne kati ya tano. Hiyo moja iliyokatwa ina sababu zake.

Kitabu cha 2014 kilifunga pointi za uwezo kwenye mbari, yaani aina ya kiumbe: elfi, dwafu, binadamu na wengine. Uwezo ni sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Hekima na Haiba. Nusu-orki (nusu binadamu, nusu orki, kiumbe wa misuli) alipewa Nguvu +2 na Ustahimilivu +1, nomi (kiumbe mdogo) akapewa Akili +2. Sasa wafanye wote wawili wachawi, kila mmoja ananunua Akili 15, ambayo ndiyo juu kabisa kwa zile pointi 27 za kununulia. Nomi anaanza na 17, yaani +3 ya kuongeza kwenye dadu analorusha. Nusu-orki anabaki na 15, yaani +2. Tofauti ya moja kwenye dadu la pande 20 ni asilimia 5, na mtu anaweza kusema si kitu. Lakini moja hiyo inaingia kila mahali: kulenga kwa uchawi, namba ambayo adui lazima aifikie ili aukwepe (13 dhidi ya 12), hata idadi ya uchawi wa kuandaa kila siku kwa kanuni za wakati ule. Mbaya zaidi haizibiki mapema. Wote wakitia kwenye Akili kila nyongeza wanayopata wakipanda ngazi, nomi anafika 20 ngazi ya 8, nusu-orki anasubiri mpaka ya 12. Meza nyingi, yaani vikundi vya wachezaji, hazifiki huko. Ndiyo maana kila nomi alikuwa mchawi na kila nusu-orki alikuwa na shoka.

Mwaka 2020 ikatoka kanuni ya hiari ya kuhamisha pointi hizo utakako. Toleo la 2024 likaenda mbele zaidi: neno mbari limeondoka, sasa ni spishi, ziko kumi, na hazitoi pointi yoyote ya uwezo. Nusu-elfi na nusu-orki hawamo tena, wameingia orki kamili, goliathi (wa ukoo wa majitu) na aasimari (wenye chembe ya mbinguni). Pointi zinatoka kwenye usuli: kila usuli unataja uwezo wa aina tatu, nawe unachagua +2 na +1, au +1 kwa zote tatu. Juu yake unapata kipaji cha mwanzo, yaani faida maalumu ya ziada.

Hapo ndipo kufuli lilipohamia. Msomi anaongeza Ustahimilivu, Akili au Hekima. Mkulima: Nguvu, Ustahimilivu au Hekima. Kwa hiyo mchawi aliyekulia shambani hawezi kuongeza Akili, anaanza na 15 kama yule nusu-orki wa zamani. Tumeacha kusema orki hawezi kusoma, tumeanza kusema mkulima hawezi. Dawa ipo na ni rahisi: kitabu cha mwendesha mchezo (anayesimulia na kuamua kanuni) cha mwaka huohuo kinaeleza namna ya kutunga usuli mpya, uwezo wa aina tatu ukauchagua wewe. Ningeshauri kila meza iruhusu hilo tangu siku ya kwanza.

Kosa ninaloliona sana ni kuchanganya vitabu. Mtu anachukua nusu-orki wa 2014 na Nguvu +2 yake, kisha usuli wa askari wa 2024 na Nguvu +2 nyingine. Anaanza ngazi ya kwanza na 19. Ukitumia spishi ya kitabu cha zamani, pointi zake zinafutwa, unabaki na zile za usuli tu. Kosa la pili ni dogo ila linauma: kutia +1 kwenye 14. Inakuwa 15, na dadu halibadiliki kabisa, ni +2 ileile. Ukitumia safu ya kawaida, yaani namba sita za kugawa bila kununua (15, 14, 13, 12, 10, 8), tia +2 kwenye 15 na +1 kwenye 13. Hiyo 13 inakuwa 14 na inalipa papo hapo. Na 17 isikusumbue, vipaji vya ngazi ya 4 huja na +1 yao, utafika 18.

Spishi zenyewe zimenoga. Dwafu ndiye ninayempenda: ukinzani dhidi ya sumu, pointi moja ya uhai zaidi kwa kila ngazi, na kuhisi mitetemo ndani ya futi 60 kwa dakika 10 akiwa amesimama juu ya jiwe au analigusa. Ngazi za mwanzo ni mara mbili tu kabla ya mapumziko marefu, na kwenye sitaha ya mbao hakusaidii kitu. Mpe usuli wa mkulima, ambao kipaji chake ni uhai +2 kwa ngazi, naye akifika ngazi ya 5 ana pointi 15 juu ya mwingine wa fani yake. Hiki ndicho nataka spishi ifanye: inipe kitu cha kutenda mezani, si tarakimu ya kujaza kwenye karatasi.

Kuona gizani, kwa upande mwingine, kumekuwa kwa bure. Spishi saba kati ya kumi wanako. Wasionako ni binadamu, halflingi (watu wafupi wa kubuni) na goliathi. Giza halimtishi mtu tena, isipokuwa mwendesha mchezo akumbuke kanuni yenyewe: giza kwao ni mwanga hafifu, si mchana. Kutafuta kitu kwa macho kunarushwa dadu mbili, inachukuliwa ndogo. Meza nyingi zinalisahau hili, halafu zinalalamika mienge haina maana.

Pathfinder, mchezo mwingine wa aina hii, toleo la pili, la 2019, linanivutia zaidi katika jambo moja: vipaji vya ukoo (ndiyo spishi kwao) vinaendelea kuja ngazi ya 1, 5, 9, 13 na 17. Dwafu wa ngazi ya 13 bado anazidi kuwa dwafu. Kwenye D&D ya 2024 goliathi anapata umbo kubwa ngazi ya 5, wengine wachache wanaongezewa kitu hapo kati ya ngazi ya 3 na ya 5, basi, spishi imekwisha kazi.