Kompteri mpya (mita ya umeme) kwenye mashine yangu ya kusaga, Majengo

Nasaga mahindi na muhogo hapa Majengo, Goma. Moteri yangu ni ya fezi tatu, yaani inalishwa na nyaya tatu za umeme, kilowati 7.5. Miezi saba sasa tangu kampuni inayotuuzia umeme (jina naliacha) ing'oe kompteri ya zamani, ile ya kubonyeza tarakimu 20 basi, na kuweka hii inayozungumza na ofisi yao kwa mtandao wa simu.

Mwaka jana fezi moja ilikatika huko nje, nami sina habari. Moteri ikaendelea kuvuma kwa fezi mbili mpaka harufu ya vanishi ikajaa nyumba. Fundi wa bobinaji, anayesuka upya nyaya za moteri, alikula faida yangu yote. Hii mpya inapima volti ya kila fezi. Asubuhi moja ikajikata yenyewe, wateja wamesimama na mabeseni, na mimi natukana. Kumbe fezi ya pili ilishuka hadi volti 90. Kabla sijapiga simu fundi wao yuko mlangoni: ofisini waliona kompteri zote za mstari wetu zimeshuka pamoja, wakajua ugonjwa uko kwenye kabine, kile kibanda cha transfoma ya mtaa, si kwangu. Kwa hilo tu nawapa nyota nne.

Ya tano imeliwa na jioni. Saa kumi na mbili watu wanawasha taa na televisheni, na mashine yangu peke yake inakula sawa na balbu 750 za wati 10. Basi badala ya kuzima mtaa mzima kama delestaji ya zamani, wananipunguzia mimi: mwisho kilowati 4 hadi saa nne usiku. Sababu naielewa. Lakini waliniwekea bila kunitaarifu, na moteri ikianza kuzunguka inavuta mara kadhaa ya kawaida yake. Ikakatika mara tatu, muhogo wa mtu uko nusu.

Nikaenda kwenye gishe, dirisha la wateja ofisini kwao. Karani akasema: “Pole Mama, ni sisteme.”
“Mwanangu, huyo sisteme alikuja kwangu kuomba ruhusa?”

Akacheka, lakini alinisaidia: sasa nasaga tangu alfajiri hadi saa kumi na moja, na saa hizo wananiuzia kwa bei nafuu kidogo. Jioni nabaki na taa na redio. Ujumbe wao bado ni wa Kifaransa. Kijana wangu wa mashine anaukimbizia duka la dawa la jirani ausomewe.