Motere ya farasi 115 kwenye boti ya 1988: uzoefu wangu Ziwa Kivu

Siku ya kwanza na motere mpya nilitoka Goma asubuhi mapema, maji yamelala, hakuna upepo, na ndani ya boti tuko watatu tu. Tulipokipita kisiwa cha Tchegera nikasukuma gia ya mafuta hadi mwisho. Boti ikainuka vizuri, ikakimbia, nikacheka peke yangu kama mtoto. Kisha pua ikaanza kupanda na kushuka, pu, pu, pu, kama chura anayevuka barabara. Nikaongeza mwendo nikidhani itatulia. Hapo ndipo ikaanza kuegemea kulia, ikarudi kushoto, ikaenda kulia tena kwa nguvu zaidi, na kila nilipojaribu kuisahihisha kwa usukani nilikuwa naichochea. Shemeji yangu aliyekaa mbele akashika ukingo kwa mikono miwili, hakusema neno. Nikapunguza mafuta polepole, ikakoma.

Boti yenyewe ni ya fibre, mita 6, imetengenezwa mwaka 1988. Niliinunua Bukavu kwa mzee aliyekuwa ameiacha miaka mingi chini ya mti wa avoka. Ilikuja na motere ya mipigo miwili ya farasi 75, kilo kama 120, mlevi wa esanse (petroli), moshi mwingi, lakini boti ilikuwa na adabu. Niliyonunua ni ya mipigo minne, farasi 115, imetumika kidogo. Nimeridhika nayo kabisa: kimya, inawaka mara moja, na safari ya Goma hadi Bugarula, kisiwani Idjwi, inakula mafuta machache kuliko zamani nikienda mwendo wa kawaida. Basi tathmini hii haihusu ubaya wa motere. Inahusu nilichoifanyia boti.

Ndani, karibu na usukani, kuna kibati kidogo cha kiwandani kinachosema mwisho ni farasi 90. Nilikiona. Nikajipigia hesabu ya kijanja: Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ya huku ni nyepesi, motere isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 14 ya nguvu zake, kwa hiyo farasi 115 za kwenye karatasi zikifika huku ni kama 100. Zimezidi kumi tu, nani atajua? Nilichosahau ni kwamba mwinuko unapunguza nguvu, haupunguzi kilo. Motere mpya ina karibu kilo 175. Niliongeza kilo 55 mahali pabaya kuliko pote, nyuma kabisa, juu ya kibao kinachobeba motere. Boti ikisimama bandarini, matundu ya kutolea maji ya sakafuni yalikuwa yameshuka chini ya maji, na viatu vyangu vikawa vinalowa bila mvua kunyesha. Ile ilikuwa ishara ya kwanza, nikaichukulia kama uvujaji.

Kijana mmoja fundi wa Bukavu, anayefanya kazi upande wa Muhumba, ndiye aliyenifungua macho. Aliomba nimpeleke mzunguko mmoja, akakaa kimya, tuliporudi akasema: «Papa, boti yako inacheza ndombolo, na mcheza ngoma ana kiuno kizito.» Kisha akachukua turnevisi (bisibisi), akaanza kugonga kibao cha nyuma kwa mpini wake, sentimita kwa sentimita. Juu ililia ngo, ngo. Chini, karibu na bolti, ikalia pu, kama unagonga mkate. Akatoboa kitundu kimoja kwa ndani, unga wa mbao ukatoka mweusi na umelowa, unanuka mihogo iliyoozea kwenye gunia. Mbao za ndani ya fibre zilikuwa zimenyonya maji. Motere nzito ilikuwa inaning'inia kwenye sifongo, na kila nikiongeza mafuta kibao kilikuwa kinajipinda na kubadilisha pembe ya elisi, ile panga inayozunguka majini. Ukiwa na boti ya umri huu, gonga kwanza. Kununua baadaye.

Kukibadilisha kibao kulichukua siku kumi na moja na dola 600, mbao mpya na rezini. Hiyo ndiyo kazi ambayo ningeirudia bila kubishana bei.

Baada ya hapo boti haikujipinda tena lakini bado iliruka. Hapa nikafanya ujinga: nilinunua bawa la plastiki, lile linalofungwa kwenye bapa la motere juu ya elisi. Dola 70. Linainua sehemu ya nyuma kweli, boti inapanda juu ya maji haraka zaidi, kuruka kukapungua kidogo. Ila kwenye kona linavuta usukani, na tulipoongeza mwendo halikusaidia chochote. Fundi alilitazama tu akatabasamu.

Vilivyosaidia kweli ni vitatu. Kwanza, betri na tangi la esanse vilihamia mbele, chini ya kiti cha abiria. Bure kabisa, na nusu ya kuruka ikaisha siku hiyohiyo. Pili, vibao viwili vya chuma vya umeme chini ya kibao cha nyuma, kimoja kila upande, unavishusha kwa kitufe. Ukivishusha pua inatulia. Na upande mmoja ukiwa mzito, kwa mfano mama mwenye magunia mawili ya makaa amekataa kuhama, unashusha cha upande wake boti inanyooka. Tatu, usukani wa haidroliki, yaani unaosukumwa na mafuta mazito (si esanse), badala ya waya. Waya wangu ulikuwa na mchezo wa vidole vitatu: unageuza usukani, motere inafikiria kwanza. Kumbe ule mchezo ndio uliokuwa unalisha ndombolo. Kwa haidroliki motere inakaa ulipoiweka. Ghali, dola 480 kabla ya kufunga, ila kama mfuko unatosha kitu kimoja tu, nunua hicho.

Elisi pia ilibadilishwa, tukachukua ambayo mapanga yake yamelala zaidi (pitch ndogo) kwa sababu ya hewa yetu nyepesi. Na motere ikapandishwa tundu moja la bolti juu. Mambo ya nusu saa.

Kasoro zimebaki. Upepo wa kusini ukiamka alasiri, hasa Julai na Agosti, na wewe unarudi Goma mawimbi yakiwa mgongoni, vile vibao vya chuma lazima uvipandishe vyote. Niliviacha chini mara moja karibu na Idjwi, pua ikachimba wimbi na boti ikataka kugeuka ubavu. Sitaki kuona tena. Pia tangu ile ajali ya boti karibu na bandari ya Kituku, Goma, ya tarehe 3 Oktoba 2024, abiria wakihisi boti inainama kidogo wanasimama wote kwa pamoja, na mtu aliyesimama ni uzito uliopandishwa juu. Nawaelewa, roho ni roho, lakini sasa nasema kabla ya kuondoka: jaketi mwilini, makalio kwenye kiti. Kamba ya kuzimia motere naifunga pajani, sio kwenye usukani.

Mwendo ninaoutumia sasa ni kilomita 45 kwa saa, karibu uleule wa farasi 75. Shemeji ananikumbusha kila tukikutana.

Bawa la plastiki nimelivua, liko hapa Himbi, Goma, nalitoa kwa dola 30. Mashimo manne kwenye bapa la motere nimebaki nayo mimi.