Miezi saba na kifaa cha kupima mirusho: kosa lilikuwa kwenye kidole gumba

Nimekuwa mrushaji wa besiboli kwa miaka tisa, na miaka yote tisa niliamini kwamba tatizo langu ni kasi. Wapigaji waliupata mpira wangu hata siku ambazo mkono ulikuwa mwepesi kabisa. Dawa niliyoijua ilikuwa kunyanyua vyuma zaidi.

Kifaa nilichonunua kwa kuchangiana na wenzangu wawili kinatumia rada na kamera. Ukirusha, baada ya sekunde chache tableti inaonyesha kasi, idadi ya mizunguko kwa dakika, mhimili wa mzunguko, na mpira umepinda kiasi gani njiani. Kasi yangu ilikuwa ile niliyoitarajia, kilomita 132 kwa saa. Mizunguko 2,100, si haba. Kilichonishtua ni namba ambayo hakuna kocha aliyewahi kunitajia: ufanisi wa mzunguko, yaani sehemu ya mzunguko inayoufanya mpira ubebwe au upindishwe na hewa. Wangu ulikuwa asilimia 79.

Mpira unaozunguka kinyumenyume hubebwa na hewa. Haupandi, ila unashuka kidogo kuliko jicho la mpigaji linavyotarajia. Kutoka kilimani (tuta anakosimama mrushaji) hadi kituo cha nyumbani (anaposimama mpigaji) ni mita 18.44, na kwa kasi yangu mpira usiozunguka ungeshuka karibu mita moja kabla ya kufika. Mzunguko safi hupunguza sehemu kubwa ya mshuko huo. Lakini mpira ukizunguka kama risasi, mhimili ukiwa umeelekea kule unakokwenda, hewa haiubebi hata kidogo. Sehemu ya mzunguko wangu ilikuwa ikipotea hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Tuliweka simu nyuma ya bega langu, tukarekodi kwa mwendo wa polepole. Kidole gumba kilikuwa kimepanda ubavuni badala ya kukaa chini ya mpira, kwa hiyo vidole viwili vya juu vilikuwa vinaukata pembeni wakati wa kuuachia. Nikakishusha. Wiki ya kwanza mirusho ilitawanyika vibaya na nilitaka kuacha. Wiki ya sita nikasoma asilimia 93. Kasi haikuongezeka hata kilomita moja, ila wapigaji walewale walianza kupiga hewa, gongo likipita chini ya mpira. Siku hiyo nilisimama kilimani nikashindwa kusema neno.

(Mhimili huonyeshwa kama mshale wa saa, na 12 ni mzunguko wa kinyumenyume kamili. Soma namba iliyoandikwa kwenye uso wa saa: 1:00 usiigeuze kuwa saa saba, utachanganyikiwa kama mwenzangu mmoja.)

Usikinunue kwa matumaini ya kuongeza idadi ya mizunguko. Hiyo hufuata kasi kwa karibu, na njia ya mkato inayojulikana ni kupaka kitu cha kunata, jambo lililofanya ligi kuu ya Marekani ianze kuwakagua warushaji kwa ukali Juni 2021. Ufanisi ndio unaoweza kufundishika.

Nilifaidika pia na kipimo cha mahali ninapouachia mpira. Mpira wangu wa kupinda ulikuwa unatoka sentimita 11 juu zaidi ya ule wa kasi. Mpigaji makini alikuwa anajua kinachokuja kabla hakijafika nusu ya njia. Hilo bado nalifanyia kazi; nimefika sentimita 5.

Malalamiko ninayo. Kukiweka sawa kunachukua muda, kwa sababu lazima upime umbali na kihakikishwe kimekaa wima. Kikisogea kidogo tu, mhimili unasomeka vibaya na unaweza kurekebisha kosa ambalo huna. Jua likikipiga usoni kinaruka baadhi ya mirusho. Slaida, mrusho unaopinda kwa upande na ambao huzunguka zaidi kama risasi, kwangu ndiyo kinayoikosa mara nyingi.

Na kuna hatari ambayo haiko kwenye kijitabu cha maelekezo. Katika mwezi wa pili wa kukitumia nilikuwa narusha mara 90 kwa siku nikifukuza asilimia, macho kwenye skrini baada ya kila mrusho. Kiwiko kikauma, nikakaa siku 12 bila kushika mpira. Siku hizi napima mirusho 25, mara mbili kwa wiki, na tableti inakaa kwa mdakaji wangu. Ananisomea namba baada ya kila mirusho mitano.