Pedali ya konvolusheni: kama rivabu ni ya kawaida tu, ila kama kinu cha kusagia sauti siiuzi ng'o

Nianze na jina maana ndo swali la kwanza ninaloulizwa kila mtu akiiona hii pedali yangu ya gitaa, kile kiboksi cha kukanyaga kinachobadilisha sauti: jina sitaji. Niliinunua mkono wa pili kwa laki tatu na themanini na jamaa alishaipuliza rangi nyeusi juu mpaka chini, hata maandishi ya kwenye nobu (vile vifundo vya kuzungusha) hayasomeki, nimebandika plasta nikaandika mwenyewe kwa kalamu. Baadaye nikaja kujua ni ipi, lakini nina malalamiko nayo na sitaki kesi na mtu, halafu mengi nitakayosema hapa yanahusu pedali yoyote ya namna hii inayosoma faili kutoka kwenye memori kadi.

Kwa ambaye hajawahi kukutana nayo. Rivabu tulizozizoea zinabuni mwangwi, yaani ni dilei nyingi (marudio ya sauti yanayochelewa kidogo) zinarudishiana mpaka sikio linadanganyika kuwa lipo ukumbini. Hii haibuni kitu. Unaenda mahali, unapasua puto, unarekodi ule mpasuko na mvumo wake mpaka ukatike wenyewe, hilo faili ndo linaitwa impalsi, unaliweka kwenye kadi na kuanzia hapo chochote utakachopiga kinasikika kama kimepigwa palepale. Inavyofanya, na hiyo ndo konvolusheni yenyewe, ni kwamba kila punje ya sauti inayoingia, na kwa sekunde moja zinaingia punje 48,000, inapewa nakala yake ya mvumo mzima, punje ikiwa kubwa mvumo wake nao mkubwa, ikiwa ndogo mdogo, kisha nakala zote zinajumlishwa. Sasa piga hesabu, mvumo wa sekunde 3 una punje 144,000, zidisha mara 48,000, unakaribia bilioni 7 za kuzidisha kwa kila sekunde moja ya gitaa. Ndo maana mwaka 1999 Sony walivyotoa DRE-S777 ilikuwa limashine la kufunga kwenye raki na kumbi zake zilikuwa zinakuja kwenye sidii. Ujanja uliokuja kuirahisisha ni kuikata impalsi vipande vipande, vifupi mwanzoni na virefu mwishoni, halafu hesabu unaifanyia kwenye masafa (zile sauti za chini mpaka za juu zilizomo ndani yake) badala ya punje moja moja, William Gardner wa chuo cha MIT Marekani aliliandika hilo mwaka 1995. Leo kazi ileile inafanywa na kitu ninachokikanyaga na kandambili.

Tuje kwenye malalamiko kabisa tuyamalize. Umeme: inakula miliampia 300, na mimi nilikuwa nimeichomeka kwenye ile waya ya adapta moja inayogawia pedali tano, ikawa inalia nyiiii kama mbu wa saa nane usiku, nkabadilisha waya zote za gitaa, nkamlaumu fundi aliyenifanyia amplifaya, kumbe inataka adapta yake peke yake. Mafaili: inataka WAV, mono, biti 24, na haisomi zaidi ya sekunde 5, ukiipa refu zaidi haikuambii kitu, inalikata tu pale mwishoni kwa panga na unasikia kabisa mkia umekatika tap! Kwa hiyo ni wewe mwenyewe ukae kwenye Audacity, ile programu ya kuhariri sauti, ulififishe taratibu kabla hujalipeleka. Pia kata kile kimya cha mwanzo kabla ya mpasuko, nisikilizeni hapo, ukiacha hata nusu ya robo sekunde ya kimya basi mvumo wote utakuja umechelewa na utadhani pedali mbovu. Na majina ya mafaili yakizidi herufi nane inagoma kuwaka. Inagoma tu, taa nyekundu, basi.

Kuna kasoro moja nayo nimeishia kuipenda. Ukiipa faili la 44.1, yaani lililorekodiwa kwa punje 44,100 kwa sekunde badala ya 48,000, haikatai na wala halibadilishi, inalisoma kwa mwendo wake wa 48, chumba kinasinyaa kidogo na toni yake inapanda kama semitoni moja na nusu. Sasa mimi narekodi kwa 96 makusudi, naiacha ilisome kwa 48, chumba kinakuwa kikubwa mara mbili na kinashuka oktavu nzima. Choo cha nyumbani kimekuwa kanisa.

Basi bana, nilivyoipata tu nikajiambia naenda Tanga, mapango ya Amboni, nikarekodi mvumo wa haja. Mapango yenyewe hayako mbali na mjini, kama kilomita 8 ukishika barabara ya Horohoro, na nilikuwa nimebeba maputo paketi nzima maana nilishasoma kuwa hata watu wa Chuo Kikuu cha Stanford walienda kupasua maputo ndani ya Hagia Sophia kule Istanbul mwaka 2010, wakachukua mvumo wake wakaja kuimbishia kwaya. Mwongoza wageni akaniangalia na paketi yangu. "Kaka, hapa hupasui kitu." Kwanza popo, pili kule ndani kuna sehemu ya mzimu, watu wanaacha sadaka zao wanaomba, wewe unakuja na baruti zako. Nikamwambia ni maputo mzee wangu, akasema puto linalia kama nini? Sikuwa na jibu. Akaniruhusu kugonga vibao viwili mara tatu, kwa upole, na tukiwa mbali na popo.

Na mnajua nini, pango halivumi! Yaani nilidhani nitatoka na sekunde kumi pale, nimerudi nyumbani nimelifungua faili ni sekunde moja na ushee. Ukifikiria unaona kwa nini, zile kuta za mawe ya chokaa zimejaa mikunjo na mashimo na njia za pembeni, chini ni udongo na kinyesi cha popo, sauti ikitoka inapotelea hukohuko haina pa kurudia. Lakini sio faili baya. Ukiweka sauti ya mtu anaongea mle inakuwa karibu, nzito, yenye unyevunyevu hivi, kama mtu anakunong'oneza yuko nyuma ya shingo yako. Nimelitumia kwenye mchezo wa redio kwa sauti ya mzimu (mwongozaji aliomba jini lenye mwangwi mkubwa kama wa kwenye filamu, nikamsikilizisha hii akanyamaza, akasema weka hiyohiyo).

Mvumo wenyewe niliokuwa nautafuta ulikuwa nyumbani kwetu, uani. Tuna tanki la maji la chini, la saruji, limepigwa niru ndani, ukubwa wake kama mita 3 kwa 2 na nusu na kina cha mita 2. Kipindi cha mgao maji yakakata wiki mbili likakauka kabisa. Nikafungua mfuniko nikasema "we!" likanijibu kama msikiti mtupu. Sikuingia ndani na wewe usiingie, tanki lililofungwa muda mrefu hewa yake sio ya kuaminiwa, nilishusha rekoda kwa kamba mpaka katikati, nikaingiza mkono na puto mpaka begani, nikatoboa kwa pini. Mama akatoka jikoni mbio. "Baba, umevunja nini?" Sijavunja kitu mama, narekodi tanki. Aliniangalia muda mrefu kidogo.

La kwanza liliharibika, sauti iliingia kubwa mno ikajikata juu, ya pili nikapunguza rekoda mpaka chini kabisa ndo ikakaa. Karibu sekunde 3, na kule chini kwenye Hz sitini hivi (mitetemo sitini kwa sekunde, besi nzito) kuna mvumo unaobaki baada ya vingine vyote kuisha, maana niru haimezi sauti, ukuta umenyooka na sauti inarudi tu na kurudi. Ni hilohilo liko Scotland kwa ukubwa wa kutisha, matanki ya mafuta ya chini ya ardhi ya Inchindown, ya enzi za Vita ya Pili ya Dunia, Profesa Trevor Cox alipima mle, ikafyatuliwa bastola ya risasi tupu na kwenye 125 Hz ikachukua sekunde 112 kuzima. Dakika karibu mbili. Hiyo yangu ni mtoto mchanga, lakini ni tanki letu.

Hapa ndo nifike kwenye kilichonifanya niandike. Mpaka hapo ningesema hii ni pedali ya rivabu ya kawaida na ghali. Ukitaka tu rivabu ya kupigia dansi jukwaani tafuta ya kawaida, ya bei nafuu, maana hii haiyumbi, haichezi, mkia wake ni uleule kila mara, na nobu ya urefu haifanyi chumba kiwe kikubwa, inakikata tu kifupi. Ni kama kanga, ukishanunua jina lake ndo hilo, unaweza kupinda, unaweza kukata ukatengeneza mbeleko, ila maneno hubadilishi. Na kwenye sebene izime kabisa, nimejaribu kwa gitaa la solo mazoezini, mpiga besi akaniuliza nimeingia kisimani.

Ila pedali haijui chumba ni nini! Yenyewe inaona faili tu. Hakuna aliyeiambia kuwa lazima liwe la puto. Usiku mmoja nimechoka na matanki nikaipa kayamba, mtikiso mmoja, sekunde moja na nusu. Nikapiga nyuzi moja ya gitaa. Jamani. Nyuzi ikatoka imesagika, mbegu zote za kayamba zikawa zinaimba ile noti, mvua ya noti moja juu ya bati. Nikaweka sufuria kubwa ya pilau iliyogongwa kwa mwiko, maikrofoni ikasema kwa sauti ya sufuria. Nikaweka zeze, buruzo moja la upinde, na hapo ikawa ukipiga noti ambayo zeze linayo yote inafunguka na kulia, ukipiga noti ambayo halina gitaa linakufa mkononi, kimyaa.

Sababu yake mkiielewa mtaacha kubahatisha. Kinachotokea ni masafa ya kitu cha kwanza kuzidishwa na masafa ya kitu cha pili. Walichonacho wote wawili kinapanda, alichonacho mmoja tu kinafifia. Ndo maana nilivyoweka ngoma kwenye impalsi na ngoma nyingine ikiingia kwenye pedali nilikaribia kupasua spika, besi mara besi ni radi. Siku hizi kila faili nalikata chini ya 150 Hz kabla, na ninalishusha sauti, halafu naanza na nobu ya mchanganyiko ikiwa robo ndo napanda. Msifanye hivi mkiwa mmevaa hedifoni mara ya kwanza.

Na geuza faili nyuma mbele. Lile la tanki, likigeuzwa, mvumo unakuja kwanza unavimba vimba ndo neno linafika mwisho wake, wahusika wanaoota ndoto nawafanyia hivyo wote sasa. Nimejaribu pia kuweka neno la mtu kama impalsi, nilimrekodi mdogo wangu akisema "njoo", nikapitisha upepo niliorekodi baharini, upepo ukawa unaita. Sio kwamba unasikia neno waziwazi, ni mdomo tu, o-o-o, lakini mkono ulinisisimka na mwenye sauti mwenyewe alikataa kusikiliza mara ya pili.

Kitu kimoja cha kiufundi kwa wa redio na filamu: hii imetengenezwa kwa gitaa, sauti ya kutoka kwenye saundi kadi ya kompyuta ni kubwa mno kwake inakwaruza. Tumieni kile kiboksi cha kushusha sauti mnachotumia kurudisha gitaa kwenye amplifaya, au kama huna, shusha sauti ya kutoka mpaka karibu na sifuri halafu upandishe taratibu. Mimi nimetumia njia ya pili miezi mitano, kelele ndogo ya shhh ipo, kwenye mzimu haisumbui.

Utaniuliza si haya yote kompyuta inafanya? Inafanya, Altiverb ya Wadachi inafanya tangu 2001 na programu za bure zipo kibao. Lakini kwenye kompyuta mimi naanza kuangalia mistari, hapa nina mguu na nobu nne na masikio, mpiga kayamba anakaa mbele yangu tunapigiana, anabadilisha anavyotikisa kwa anachosikia. Kwa laki tatu na themanini ya mkono wa pili sijutii. Kwa bei ya mpya nisingenunua, na kama gitaa ndo chombo chako pekee na hurekodi vitu vya ajabu ajabu, pia usinunue.

Kuhusu faili la tanki, wanaoniomba toleo la stirio: maji yamerudi, mama amejaza mpaka shingoni na amefunga kufuli. Subirini mgao mwingine.